Marehemu wa Siakago Apata Mjukuu

Kwa masikitiko makubwa, na kwa kuyakubali mapenzi ya mwandishi wa skripti, tunautangazia umma kifo cha Mzee Josphat Ndambiri wa Siakago, kilichotokea Jumapili baada ya taarifa ya habari, katikati ya tangazo la unga na tangazo la sabuni. Marehemu alikuwa mume wa Gladwell, baba yake Njeru fundi wa dishi kule Embu mjini, na mtoto wa hayati Njeru mrina asali. Aliaga dunia baada ya kupambana kishujaa na lori la mchanga. Mwili hautalazwa popote. Jumatatu asubuhi ulionekana sokoni ukichagua kamba ya mbuzi na kulalamika kwamba kamba za siku hizi ni fupi.

Hivyo ndivyo sisi wa Siakago tunavyomzika mtu huyu, kwa mdomo, kila anapokufa. Na hufa sana. Ukiwa na televisheni umemwona, hata kama jina hulijui: mzee wa uso mrefu, ndevu zilizozeeka upande mmoja kuliko mwingine, masikio yanayosikiliza kila mtu. Kuna waigizaji wa kupenda, kuna waigizaji wa kulia, na kuna wale wa kupiga simu wakiwa ndani ya gari la wenyewe. Ndambiri ni wa kuuawa. Anaingia kwenye mchezo, anasalimia, anapewa kikombe cha chai, na akishamwambia mwanawe "kabla sijasahau, kijana wangu," Mbeere yetu nzima inajua huyo hatafika kwenye tangazo.

Ameuawa na majambazi, na wake wawili, na ndugu yake, na daktari mmoja aliyekuwa na haraka. Ameanguka kutoka juu ya mti wa miraa, kifo kilichowachekesha mno watu wa Meru, kwa sababu alipanda kama mtu aliyezoea muguka, ambao ni mmea wa kuchuma umesimama chini. Amekufa kwa uchungu wa shamba, ugonjwa usiojulikana hospitalini ingawa kila ukoo unaujua. Na hakuna hata kimoja kati ya vifo hivyo alichokirudia. Hilo ndilo jambo analojivunia. Waigizaji wengine wakifa hushika kifua na kufunga macho, basi. Ndambiri kila kifo hukipa mwendo wake. Cha sumu kilianzia kwenye goti.

Sokoni hakuna anayemwita Ndambiri, hata mama wa mboga.

"Marehemu, umeamkaje?"

"Vizuri."

"Leo unakufa?"

"Hapana, ni Jumapili."

"Kufa poa, basi. Ile ya juzi ulikufa kama mtu amechoka."

"Nilikuwa nimechoka."

Hata wazee wa kanisa walikaa kikao kujadili kama Mkristo anaruhusiwa kufa mara nyingi namna hiyo. Wakajadili mpaka chai ikaisha. Wakakubaliana kwamba inaruhusiwa, mradi asife wakati wa harambee.

Kipaji chake kilitoka kwa nyuki. Baba yake, yule Njeru wa kwanza, alikuwa na mizinga mingi kwenye miti ya huko chini kwenye joto, na alimfundisha Ndambiri kazi kwa sentensi moja: nyuki akikutembea usoni, wewe ni mti. Ndambiri akawa mti tangu utotoni. Nyuki walimtembea kwenye kope, kwenye midomo, wakaingia sikioni kutafuta nafasi ya kupanga, naye hakutingisha hata unyusi. Hakujua kwamba huo ulikuwa uigizaji. Alifikiri ni kuogopa kuumwa.

Halafu watu wa kamera wakaja Kiritiri kutengeneza mchezo juu ya wezi wa makaa. Walihitaji maiti kando ya barabara. Walikuwa wamemtafuta jamaa mmoja kijana, wakamlaza vizuri, wakampaka damu ya rangi, na hawakuangalia wamemlaza wapi. Siafu walimwangalia. Maiti ilifufuka, ikavua suruali, ikakimbia kuelekea mtoni. Dairekta alikuwa ameshika kichwa pale Ndambiri alipopita na debe lake la asali.

"Mzee, unaweza kulala hapa usitingishike?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka usikie kat."

Kat ndilo neno linalowarudishia wafu uhai katika kazi hiyo. Ndambiri aliweka debe kivulini, akalala. Nzi akaja. Akatua kwenye kope, akashuka kwa pua, akachungulia ndani ya tundu moja, akatoka, akachungulia la pili. Kamera ilimfuata nzi mwanzo mwisho. Watu wa kamera walifurahi mpaka wakasahau kilichobaki. Walimfunika Ndambiri shuka kwa ajili ya picha inayofuata, wakasikia nyama choma imeiva hoteli ya ng'ambo, wakaenda. Hakuna aliyesema kat.

Sasa mtu wa Siakago alikuwa akipita hapo, akaona shuka, na chini ya shuka akaona viatu vya gambuti anavyovijua. Akapiga simu nyumbani. Gladwell akaja kwa bodaboda huku akilia tangu Siakago, na kila alipopita wanawake waliacha kazi zao kumsaidia kulia. Alipofika alijitupa juu ya ile shuka.

Sauti ikatoka chini, polepole: "Mama Njeru, nyamaza. Niko kazini."

Gladwell alimpiga kofi lililosikika mpaka kwenye nyama choma. Ndambiri hakutingishika. Hapo ndipo dairekta, aliyekuwa anarudi na mfupa mkononi, alipojua kwamba Mungu amempa mwigizaji.

Tangu siku hiyo amekula kwa kifo. Amemsomesha Njeru kwa kifo, akajenga nyumba ya mawe kwa kifo, na ukimuuliza Gladwell juu ya kazi ya mumewe anakwambia, "Ni kazi kama zingine, lakini nguo zake ni ngumu kufua."

Kilichomkera ni kimoja. Majina ya waigizaji hupita mwisho wa mchezo, na yakianza kupita, televisheni huyasukuma kwenye kona, herufi zikawa ndogo kama mayai ya chawa, halafu nafasi yote ikachukuliwa na mtu anayetangaza godoro. Siku moja Ndambiri aliwakusanya wote sebuleni waone jina lake. Gladwell alipiga chafya. Jirani alikuwa anaangalia godoro. Njeru, aliyekuwa na macho makali, alisema aliona "Nda", labda na "m".

"Hivi nikienda kweli," Ndambiri alimuuliza mkewe siku hiyo, "watasema nani amekufa?"

"Marehemu."

"Marehemu nani?"

Gladwell alifikiri. "Wataelewana tu," akasema.

Basi akaweka matumaini yake mahali pengine kabisa, nayo ni tumboni mwa mke wa Njeru. Kwetu Mbeere, na kwa Waembu pia, jambo la jina halina mjadala. Kijana wa kwanza ni babu mzaa baba. Huwa hatusemi amefanana naye. Tunasema ndiye, amerudi kwa saizi ndogo. Ndiyo maana Njeru anaitwa Njeru kama yule mrina asali. Kwa hiyo mzunguko ulikuwa umefika kwa Ndambiri, na hata godoro halingeweza kuuzuia. Alitenga mbuzi. Akamnunulia kamba, ile aliyosema ni fupi. Na kila alipopiga simu Embu alikuwa anauliza, "Ndambiri ameamkaje?"

"Baba," Njeru alikuwa akimjibu, "inaweza kuwa ni msichana."

"Basi aje Gladwell, halafu amwachie Ndambiri njia."

Kitu ambacho hakukitilia maanani ni kwamba mke wa Njeru, Winrose, ni wa kutoka Nkubu, upande wa Meru, na kwamba alikuwa na mama.

Siku mtoto alipozaliwa, Ndambiri alikuwa amekufa. Walikuwa wanapiga picha kwenye shamba moja nje ya Meru mjini, na yeye alikuwa ndani ya jeneza wazi, na suti, na pamba puani. Mjane wa mchezo alikuwa anatoa machozi kwa jicho moja tu, kwa hiyo dairekta alikuwa anarudia na kurudia. Ndambiri alikuwa ameificha simu kwenye mfuko wa koti, juu ya moyo. Ikatetemeka.

Alijua. Simu ikatulia, ikatetemeka tena, ikatulia, ikatetemeka kama nyuki aliyefungiwa kwenye kiberiti. Ndambiri hakutingisha kidole. Alikuwa mti. Lakini kwenye pembe ya jicho la kulia maji yalijikusanya, yakajaa, yakateremka mpaka kwenye sikio.

"Kat! Kat! Jamani, marehemu analia!"

"Ni jasho," alisema marehemu, akakaa wima na kutafuta miwani.

Ujumbe ulitoka kwa Njeru: *Baba ni kijana. Mama na mtoto wako salama. Anaitwa Muriuki.*

Akausoma mara ya pili akiwa ameusogeza mbali na uso, halafu karibu na uso. Ulikuwa uleule.

"Mzee, kuna nini?"

"Nimekuwa babu."

Watu wakapiga makofi na vigelegele kuzunguka jeneza, na mjane akalia kwa macho yote mawili, lakini kamera zilikuwa zimezimwa. Ndambiri akavua miwani, akalala tena bila kuambiwa. Dairekta alisema baadaye kwamba hajawahi kuona mtu amekufa vizuri kama vile alivyokufa jioni hiyo.

Muriuki. Hata kwetu maana yake inajulikana: aliyefufuka. Ni jina la kumpa mtoto anayechukua nafasi ya mtu aliyekwisha zikwa. Kwa hiyo huko Nkubu kulikuwa na mfu wao, mfu wa kweli, na amerudishwa kupitia mlango ambao Ndambiri aliusubiri maisha yake yote. Kwenye televisheni aliuawa kwa mshahara. Huku nyumbani wamemzika bure.

Kesho yake alifika Embu na Gladwell na kibuyu cha asali. Njeru anakaa mtaa wa Dallas. Alipowaona wazazi wake getini alisalimia, akachukua ngazi, akakumbuka kuna dishi la mtu linahitaji kutengenezwa, ingawa hakuna mtu alikuwa amelalamika. Ndani walipokelewa na mama yake Winrose, Kathure, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya, aliyekuja kumwosha mzazi na kumpikia uji. Alikuwa ameshapindua kila kitu jikoni. Sufuria zilikuwa zimejipanga kwa ukubwa na zilionekana kuogopa.

Kimeru na Kimbeere vinaweza kusalimiana njiani vikaelewana, lakini vikitaka kuzozana huita Kiswahili.

"Mama Winrose," Ndambiri alianza alipomaliza uji, "nisaidie kitu kimoja. Muriuki ni nani kwenu?"

"Kwetu?" Kathure alishangaa. "Kwetu hakuna Muriuki."

"Sasa huyu mtoto ni nani?"

"Si ni wewe!"

"Mimi naitwa Ndambiri."

"Najua. Hilo si ni la kitambulisho?"

Ndambiri alimtazama Gladwell. Gladwell alitazama sufuria.

"Baba Njeru, ngoja," alisema Kathure, akavuta stuli. "Kwani nyinyi mnafanyanga aje? Mnavua mtu jina kama koti mnavalisha mtoto? Sisi hapana. Sisi tukipatia mtoto mtu, tunaangalia huyo mtu ni wa aina gani, tunaita mtoto hivyo. Baba ya bwana yangu alikuwa Mutwiri. Kijana yangu wa kwanza ni yeye, lakini anaitwa Kaimenyi, kwa sababu yule mzee alikuwa anajua kila kitu, hata yenye hajaulizwa. Ungeita mtoto Mutwiri, nani angekumbuka hiyo maneno yake? Mutwiri ni wengi."

"Kwa hivyo mimi..."

"Wewe unakufa na unarudi. Nimekuona. Ile ya lori la mchanga nililia mpaka githeri ikashika chini ya sufuria. Ile ya miraa, wacha niseme ukweli, nilicheka, ulishika tawi kama unasalimia askofu. Ile ya sumu ulianza na goti. Goti! Nikaambia Winrose, huyu mzee wenu ni fundi, mtu wa kawaida angeanza na tumbo."

Ndambiri aliweka kikombe chini.

"Uliona goti?"

"Kanisa yote iliona goti. Nkubu ukikufa sisi hatuhuzuniki sana, tunasema ngojeni, atarudi mwezi ujao na kofia ingine. Na unarudi. Ni nani mwingine anafanyanga hiyo kazi?"

"Kuna Yesu," alisema Gladwell kutoka jikoni, "lakini yeye alifanya mara moja tu."

Kathure alicheka akajipiga paja, halafu akakumbuka yeye ni wa kwaya, akanyamaza. Ndambiri hakucheka. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ametaka mtu mmoja tu asome jina lake kabla ya godoro. Hakuwahi kufikiria kwamba kuna mama Nkubu, na githeri yake inaungua, ambaye jina hakulihitaji kwa sababu alikuwa anaangalia kazi.

Winrose alitoka chumbani akitembea polepole, na mtoto kwenye shali. Alisimama mbali kidogo na baba mkwe wake, kwa heshima, akamkabidhi Gladwell, Gladwell akamkabidhi mzee.

"Baba," alisema Winrose, "tulisikia umekasirika. Jina bado halijaandikwa mahali. Ukisema Ndambiri, itakuwa Ndambiri. Mimi na Njeru tumekubaliana wewe ndiye utasema."

Nje, juu ya paa, kelele za nyundo zilikoma. Njeru alikuwa anasikiliza kupitia dishi.

Ndambiri alimwangalia mtoto. Alikuwa mwekundu, amekunjamana, na ule uso mrefu ulikuwa umeshaanza. Alilala amefunga ngumi. Kile kibuyu cha asali kilikuwa mezani, na asali huwa haikai bila wageni: nzi aliingia dirishani, akazunguka, akaacha asali, akatua kwenye shavu la mtoto. Kathure aliinua mkono kumfukuza.

"Wacha," alisema Ndambiri.

Nzi akatembea. Akafika chini ya jicho, akasimama, akasugua mikono yake kama kawaida ya nzi, akaendelea mpaka kwenye pua. Mtoto hakukunja uso. Hakupepesa kope. Nzi akachoka, akaenda zake.

Ndambiri akavuta pumzi iliyokuwa imemkaa tangu kule kwenye jeneza.

"Muriuki," alisema. Akaliweka mdomoni tena, kama anavyofanya akipewa maneno ya skripti. "Muriuki wa Njeru. Unaona, hata baba yangu amepata nafasi."

"Na Ndambiri?" aliuliza Winrose.

"Ndambiri ni la kitambulisho."

Gladwell, ambaye hajawahi kusamehe ile siku ya Kiritiri, alifuta macho kwa upande wa leso, akasema ni moshi, ingawa Njeru anatumia gesi.

Mtoto alipopata nguvu aliletwa Siakago, na yule mbuzi wa kamba fupi akatimiza wajibu wake. Watu wa Nkubu walikuja na ndizi na nyimbo. Sisi tulikuja na midomo. Maspika yalikuwa ya Kinyua, emsii wetu, ambaye huongoza harusi na matanga kwa sauti ileile, kwa hiyo usipotazama nguo huwezi kujua uko wapi. Watu walimpanga Ndambiri katikati, kwenye kiti cha plastiki kilichofunikwa kitambaa, na mjukuu mapajani. Tulikuwa tunamtazama kwa kiburi kikubwa, kana kwamba ni sisi tuliomuua siku zote hizo. Mama wa mboga, yuleyule aliyemwambia alikufa kama mtu amechoka, alikuwa anawaeleza wageni wa Nkubu kifo kimoja baada ya kingine, na akifika kwenye goti anaonyesha kwa goti lake.

Kinyua alipuliza maikrofoni.

"Mabibi na mabwana, wageni wetu kutoka Meru, na ukoo wote. Leo si siku ya kawaida. Wengi wameigiza, wakasahaulika. Lakini huyu tuliyemzoea kama Marehemu, leo amekishinda kifo. Damu yake imesimama tena. Kuanzia leo, hata milima ikiisha, hata Tana ikikauka, mzee huyu hatakufa tena kamwe!"

Vigelegele vilipasuka. Kathure alianzisha wimbo, akanyamazishwa kwa heshima. Kinyua alishuka jukwaani, akapiga goti mbele ya kiti, akamwekea mzee maikrofoni mdomoni.

"Mzee wetu, tuambie neno la kukumbukwa."

Ndambiri alimhamisha mjukuu kutoka goti moja hadi lingine.

"Nakufa Jumanne," alisema. "Wamesema ni nyoka."